Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Walimu wa Watoto Wadogo

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya mwalimu wa watoto wa miaka 3 hadi 8: chekechea, darasa la awali na madarasa ya mwanzo ya shule ya msingi. Utaona jambo moja linajirudia. Kabla ya kuuliza "huyu mtoto ana nini?", nauliza kwanza tumempa muda gani, nafasi gani na maagizo gani. Mara nyingi tatizo liko hapo, na kuhamisha meza ni rahisi kuliko kumbadilisha binadamu wa miaka 4.

Watoto wangu hawatulii hata dakika kumi. Ni utovu wa nidhamu?

Hapana. Dakika kumi za kusikiliza tu, bila kugusa wala kusema, ni nyingi kwa mtoto wa miaka 4. Mtoto huyohuyo unayemlalamikia utamkuta kwenye mchanga, ameinama nusu saa nzima akichimba handaki, ukimwita hasikii. Uwezo wa kutulia anao. Kinachomshinda ni kukaa akimsikiliza mtu mzima.

Kwa hiyo fupisha kikao cha mkekani. Kwa miaka 3 na 4 anza na dakika tano hadi saba, kisha ongeza kidogokidogo kadiri muhula unavyokwenda. Ukiona watatu wameanza kujibingirisha, malizia kwa wimbo, wanyanyue. Usisubiri darasa zima livurugike. Vipindi navyo vipishane: cha kukaa kifuatwe na cha kutembea, cha kelele kifuatwe na cha utulivu.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto wa miaka 3 na 4 anahitaji angalau dakika 180 za kuchangamsha mwili kila siku, na angalau 60 kati ya hizo ziwe za kumfanya aheme. Mtoto aliyekalishwa kwenye benchi asubuhi nzima bado anadai dakika zake, na atazichukua katikati ya somo lako.

Halafu angalia kiti chenyewe. Miguu ikining'inia bila kugusa sakafu, mtoto hawezi kuacha kujisogezasogeza. Weka boksi gumu chini ya miguu. Anayependa kufanya kazi yake akiwa amesimama mezani, mwache asimame. Hakuna somo linaloharibika kwa hilo.

Wiki ya kwanza nifundishe nini?

Taratibu, na karibu si kingine. Namna ya kuomba kwenda chooni, mahali pa kuweka mkoba, mkasi unavyobebwa, la kufanya ukimaliza kazi kabla ya wenzako. Mambo haya hayaelezwi, yanafanyiwa mazoezi. Onyesha wewe, mwombe mtoto mmoja aonyeshe, wote wafanye, na kesho mrudie. Siku hizo zinaonekana kama zimepotea, lakini ukiziruka utazilipa mwaka mzima.

Ishara ya kunyamaza iwe moja tu: kengele ndogo, makofi yanayojibiwa, au mkono juu. Ukishaitoa, usianze kusema mpaka wote wamenyamaza. Ukisema juu ya kelele siku ya kwanza, umewafundisha kwamba ishara ile haina maana.

Bandika ratiba ya siku kwa picha, kwenye kimo cha macho yao na si chako. Mtoto asiyejua kusoma akiona picha ya kunawa mikono imefuatwa na picha ya chakula, hakuulizi tena na tena chakula kitaliwa lini. Na kipindi kinapokaribia kubadilika, tangaza mapema kwa kipimo wanachokielewa. "Bado dakika tano" haimwambii kitu mtoto wa miaka 4. "Tukimaliza kuimba wimbo huu tunakusanya vitu" anaielewa, kwa sababu wimbo anausikia unapoisha.

Kuna mtoto analia kila asubuhi mzazi anapoondoka. Nimwambie mzazi atoroke akiwa hatazamwi?

Usimwambie hivyo kamwe. Mtoto aliyetorokwa anajifunza kwamba mtu anaweza kutoweka wakati wowote, na kesho atamng'ang'ania zaidi. Mzazi aage, aseme atarudi lini kwa lugha ya mtoto ("ukishaamka usingizi wa mchana"), amkumbatie mara moja, aondoke bila kugeuka nyuma. Kuaga kwa muda mrefu kunamwambia mtoto kwamba kweli hapa pana jambo la kuogopa.

Wewe mpokee kwa mkono, na umpe kazi: kugawa vikombe, kumwagilia mche, kubandika kadi ya siku. Kazi inasaidia kuliko pipi au vitisho. Taja hisia yake wazi, "unamkumbuka mama, unatamani angebaki", wala usimwambie kwamba wakubwa hawalii. Mwache aje na kitambaa au kidoli cha nyumbani kwa wiki za mwanzo.

Wengi hutulia ndani ya wiki chache, na kilio mara nyingi hurudi kidogo baada ya likizo au ugonjwa. La kutazama ni mwendo wa siku baada ya mzazi kuondoka. Anayelia dakika chache kisha akacheza, akala, akacheka, hana neno. Anayekaa siku nzima bila kula wala kucheza, na wiki zikapita hivyo, kaa na wazazi mzungumze.

Mmoja anauma na kupiga wenzake. Nimfanyeje?

Anza na aliyeumwa. Mwoshe, mtulize, mpe umakini wako wote, na yule aliyeuma aone kwamba kuuma hakukumpatia mwalimu. Kisha mwendee, inama, mwambie kwa sentensi moja: "Sikuruhusu kuuma. Kuuma kunaumiza." Hotuba ndefu haimfikii mtoto aliyepandwa na hasira. Usilazimishe "samahani" ya kukariri. Mwite amletee mwenzake kitambaa chenye maji, hilo linasema zaidi.

Baada ya hapo chukua daftari. Kwa wiki moja au mbili andika kila tukio: saa ngapi, mahali gani, nani alikuwa karibu, nini kilitangulia. Nimeona walimu wengi wakishangazwa na daftari hilo. Ngumi zote zinatokea robo saa kabla ya chakula, au zote kwenye kona moja nyembamba ambapo watoto wanane wanagombea gari moja. Ukipata hilo, dawa unayo: leta chakula mapema kidogo, panua kona, ongeza gari la pili linalofanana na la kwanza. Watoto wa miaka 3 hawajui kugawana. Wanajua kupokezana, tena wakifundishwa.

Mpe pia maneno ya kutumia badala ya meno. "Ni zamu yangu." "Acha, sipendi." Mfanyie mazoezi akiwa ametulia, kwa vikaragosi au kwa kuigiza, kwa sababu katikati ya ugomvi hakuna anayejifunza neno jipya.

Bila kiboko hawanisikii. Mbadala wake ni nini?

Kiboko kinamfanya mtoto akuogope wewe, na mtoto aliyeogopa hajifunzi, mawazo yake yote yako kwenye mkono wako. Kuhusu haki, Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa 1989, kifungu cha 19, unamlinda mtoto dhidi ya ukatili wa kila namna. Mwaka 2006 kamati inayosimamia mkataba huo ilieleza bayana kwamba adhabu ya kumpiga mtoto imo humo, iwe nyumbani au shuleni. Sweden ilikuwa nchi ya kwanza kuipiga marufuku kabisa, mwaka 1979.

Sasa mbadala. Kwanza, msogelee mtoto. Agizo linalorushwa kutoka ubaoni hadi nyuma ya darasa halina mwenyewe. Nenda, inama hadi macho yenu yalingane, taja jina lake, toa agizo moja. Moja tu, "vaa viatu, chukua mkoba, ukimaliza pita huku" ni matatu, na mtoto wa miaka 4 atatekeleza la mwisho au asitekeleze lolote.

Pili, sema unachotaka badala ya usichotaka. "Usikimbie" inamwachia mtoto picha ya kukimbia. "Tembea" inamwambia miguu ifanye nini. "Usipige kelele" igeuze iwe "tumia sauti ya chini", baada ya kuwa mmeshaifanyia mazoezi sauti hiyo.

Tatu, matokeo yafanane na kosa. Aliyemwaga maji anafuta. Aliyerusha matofali ya kuchezea anaondoka kwenye matofali kwa muda, kisha anarudi kujaribu tena leo hiihii, si wiki ijayo. Kumnyima mapumziko ya nje yule asiyetulia ndiyo adhabu mbovu kuliko zote, maana unamwondolea kitu pekee ambacho kingemtuliza.

Kona ya utulivu nzuri, yenye mkeka na kitabu cha picha, ilimradi isigeuzwe gereza. Wengine huingia wenyewe wakizidiwa, na hilo ndilo lengo.

Stika na zawadi zina ubaya?

Kwa kiasi hazina. Ila mwanasaikolojia Mark Lepper na wenzake walichapisha utafiti mwaka 1973 juu ya watoto wa shule ya awali waliopenda kuchora. Walioahidiwa cheti kwa kuchora, baadaye walipoachwa huru walichora muda mfupi kuliko wale ambao hawakuahidiwa kitu. Kumlipa mtoto kwa jambo analolipenda tayari kunaweza kulipunguza pendo lenyewe. Binafsi natumia maneno, tena maneno yanayotaja kitendo: "Umemsubiri mwenzako amalize ndipo ukasema." "Wewe mtoto mzuri" haimwambii arudie nini kesho.

Wazazi wanalalamika kwamba watoto wanacheza tu. Niwajibu vipi?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na mwalimu anayelijibu kwa kujitetea huwa ameshindwa tayari. Jibu kwa kuonyesha.

Mualike mzazi akae dakika ishirini karibu na kona ya matofali. Mnara umeanguka mara tatu, mtoto ameweka tofali pana chini: hiyo ni mizani na uzito. Wawili wanabishana nani ana mengi, wanayapanga mawili mawili: hiyo ni hesabu. Mmoja amekuwa daktari, mwingine mgonjwa, wa tatu anaandika "dawa" kwa mistari ya kujikunjakunja kwenye karatasi: hiyo ni lugha, na ni mwanzo wa kuelewa kwamba alama kwenye karatasi hubeba maana.

Wazo hili si la juzi. Mwalimu Friedrich Fröbel alifungua kituo chake cha watoto huko Bad Blankenburg, Ujerumani, mwaka 1837, kikiwa na mipira, vibao na michemraba, kwa sababu aliona mchezo ndio kazi nzito ya umri ule. Maria Montessori, daktari, alianza Roma mwaka 1907 na watoto wa familia maskini, akawapa vifaa vya kushika na kupanga kwa mikono yao. Hawa wawili hawakukubaliana katika kila jambo, lakini wote waliamini kwamba mkono wa mtoto hutangulia kalamu. Na kifungu cha 31 cha Mkataba wa Haki za Mtoto kinautaja mchezo kuwa haki.

Hata hivyo wazazi wana hoja mahali pamoja. Kuwaachia watoto uwanja kisha mwalimu akaketi na simu, hiyo si elimu kupitia mchezo. Kazi yako wakati wa mchezo ni kutazama, kuongeza kifaa kimoja kwa wakati wake, na kuuliza swali moja zuri kisha kuondoka. "Daraja lenu litabeba gari hili?" inatosha. Ukikaa na kuanza kuongoza, mchezo unakuwa somo na watoto wanatawanyika.

Usiwe na wasiwasi pia na mtoto anayecheza peke yake kando ya wengine. Mtafiti Mildred Parten, mwaka 1932, alieleza ngazi za kucheza na wenzao: kuna kucheza peke yako, kutazama wengine, kucheza sambamba bila kushirikiana, kuchangia vifaa, hatimaye kushirikiana kwa lengo moja. Mtoto wa miaka 3 anayecheza sambamba na mwenzake yuko mahali pake.

Waanze kuandika lini?

Wakiwa na mikono ya kuandikia. Kifundo cha mkono cha mtu mzima kina mifupa midogo minane. Cha mtoto wa miaka 3 kina sehemu kubwa ambayo bado ni gegedu laini. Kumkalisha ajaze ukurasa wa herufi a kunamchosha bila faida.

Anza na mabega: kuchora mistari mikubwa hewani, kwenye mchanga, ukutani kwa brashi na maji. Shuka kwenye viganja: kufinyanga, kukamua kitambaa, kuchana karatasi. Fika kwenye vidole: kutunga shanga kubwa, kubana vibanio vya nguo, kukata kwa mkasi. Vipande vifupi vya kalamu na chaki ni bora kuliko virefu, kwani kipande kifupi hakishikiki kwa ngumi, vidole vitatu vinalazimika kukutana.

Mtoto akiandika herufi kinyume, b ikawa d au 3 ikatazama upande wa pili, usishtuke mpaka karibu miaka 7. Ni kawaida. Ikiendelea baada ya hapo, tena pamoja na shida ya kutambua sauti, ndipo uchunguze.

Ana mkono wa kushoto. Nimrekebishe?

Usimguse. Mkono wa kushoto si kosa. Mketishe mwisho wa benchi upande wa kushoto ili kiwiko chake kisigongane na cha jirani, daftari lisogezwe kidogo kushoto kwake na ncha ya juu ielekee kulia, na ashike kalamu juu kidogo ya wengine ili aone anachoandika. Mtafutie mkasi unaokata kwa mkono huo. Basi.

Kusoma: nianze na majina ya herufi au sauti?

Sauti. Mtoto anayejua kwamba herufi hii inaitwa "be" lakini hajui mdomo unafanya nini, atakwama kwenye neno la kwanza. Na kabla ya herufi yoyote kuna masikio: kupiga makofi kwa kila silabi ya jina lake, kutafuta vitu darasani vinavyoanza na sauti moja, kutoa sauti ya kwanza ya neno na kuona kinachobaki.

Kiswahili kinatusaidia kwa sababu kinaandikwa karibu kama kinavyotamkwa. Irabu tano, kisha konsonanti moja baada ya nyingine, na mtoto anaunganisha ma na ma akapata neno lenye maana siku hiyohiyo. Usianze na maneno yenye mitego. M ya "mtu" inasimama peke yake kama silabi, ya "mama" haisimami. Ng ya "ngoma" si ng' ya "ng'ombe". Hayo yaje baadaye, tena yafundishwe waziwazi, yasiachwe mtoto ayagundue.

Wepesi huo una hatari yake. Mtoto anaweza kutamka ukurasa mzima bila kuelewa hata sentensi moja, na mwalimu akafurahi. Kila akimaliza, funga kitabu umuulize nini kimetokea.

Soma hadithi kwa sauti kila siku, hata wakishajua kusoma. Waulize wanadhani nini kitafuata, pitisha kidole chini ya mstari. Wakiomba hadithi ileile ya jana, wasomee. Safari ya kwanza wanafuata tukio, ya tatu wanaanza kusikia maneno.

Anahesabu mpaka 100, lakini nikimwomba vijiti saba ananiletea kiganja kizima. Kwa nini?

Kwa sababu anaimba, hajahesabu bado. Wanasaikolojia Rochel Gelman na Randy Gallistel walieleza mwaka 1978 kanuni ambazo mtoto anatakiwa kuzishika: kila kitu kipate namba moja tu; namba zifuatane kwa mpangilio uleule; namba ya mwisho kutajwa ndiyo jumla; chochote kinahesabika, hata sauti na hatua; na haijalishi unaanzia kitu gani. Mtoto wako ana ile ya pili tu.

Rudi kwenye vitu. Vihesabio vitano vinatosha kwa wiki. Ahesabu akivisogeza upande wa pili kimoja kimoja, ili alichokihesabu kisichanganyike na ambacho bado. Kisha muulize, "Ni vingapi?" Akianza kuhesabu upya badala ya kujibu, kanuni ya jumla haijaingia. Kazi za kweli zinafundisha haraka kuliko kadi: "tuletee vikombe vya kuwatosha watu wa meza hii."

Jaribu pia jaribio la mwanasaikolojia Jean Piaget. Panga mawe sita kwenye mistari miwili inayolingana, mtoto akubali ni sawa. Tanua mstari mmoja mbele ya macho yake. Wengi walio chini ya miaka 6 watakuambia mrefu una mengi. Usimcheke wala kumsahihisha kwa nguvu; umepata kujua tu kwamba kujumlisha kwenye karatasi kungekuwa mapema mno kwake.

Darasa lina watoto wengi na niko peke yangu.

Hapa ushauri wa vitabuni huwa mwepesi kuliko hali yenyewe, kwa hiyo nitasema kinachowezekana. Gawa darasa kwenye vikundi vya watoto sita hadi wanane, wenye uwezo mchanganyiko. Kikundi kimoja kikae nawe, vingine viwe na shughuli zinazojiendesha ambazo tayari mlizifanyia mazoezi: kufinyanga, kupanga kadi, vitabu vya picha, mchanga. Kitu kipya kisipelekwe kamwe kwenye kikundi kisicho na mwalimu. Huwezi kuvifikia vyote kwa siku. Kila kikundi kikikupata mara mbili kwa wiki ana kwa ana, mtoto amefaidika kuliko kukuona ubaoni siku tano.

Vifaa vikae kwenye makapu yenye picha ya kilichomo, mahali wanapofika wenyewe. Kila kikundi kiwe na mgawaji, na mgawaji abadilike kila wiki, asiwe yule mwepesi siku zote. Wewe hesabu vichwa kila mnapotoka na kila mnaporudi.

Sina bajeti ya vifaa. Nitumie nini?

Vizibo, vijiti, maboksi, mawe laini, mabaki ya vitambaa, majani makavu. Kitu kisicho na kazi maalumu kinafundisha zaidi ya kidoli cha plastiki, kwa vile leo ni fedha, kesho ni abiria. Osha kila kitu, ondoa ncha kali. Kwa walio chini ya miaka 3, chochote kinachoweza kuingia chote mdomoni kisiwepo. Betri ndogo za kitufe na sumaku ndogo zisikaribie darasa la umri wowote. Zikimezwa zinaweza kuua. Mtoto akimeza, ni hospitali mara moja, bila kusubiri dalili.

Naweza kuwaonyesha video?

Kidogo, kwa lengo, na ukiwa unaongea nao. Mwongozo ule wa Shirika la Afya Duniani wa 2019 unaweka kikomo cha saa moja ya skrini kwa siku kwa miaka 3 na 4, na inawezekana nyumbani ameshaimaliza.

Mtoto hajui lugha ya darasani. Nimkataze lugha ya kwao?

Usimkataze, na usiwaambie wazazi waiache. UNESCO, shirika la elimu la Umoja wa Mataifa, ilipendekeza tangu 1953 kwamba mtoto aanze elimu kwa lugha ya kwao, na anayeijua vizuri lugha yake ya kwanza hupata ya pili juu ya msingi imara. Wengi hupita kipindi cha kunyamaza wakisikiliza tu. Katika kipindi hicho mpe njia nyingine za kujibu: kuonyesha kwa kidole, kuleta kitu, kuigiza. Jifunze maneno machache ya kwao: salamu, choo, maji, inauma. Akichanganya lugha mbili katika sentensi moja hajachanganyikiwa, anatumia alichonacho.

Nikiuliza swali, wanaojibu ni walewale watatu.

Pengine husubiri. Mtafiti wa elimu Mary Budd Rowe alipima muda ambao walimu husubiri baada ya kuuliza, akakuta kwa kawaida ni kama sekunde moja. Waliposubiri tatu au zaidi, majibu yalirefuka na watoto zaidi walijibu. Hesabu moyoni hadi tano, mikono isiinuliwe, kila mtu amnong'oneze jirani kwanza, ndipo uchague.

Mwenye kigugumizi mtazame kwa utulivu na umwache amalize. Usimmalizie neno, usimwambie "vuta pumzi". Anayeongea vizuri nyumbani lakini shuleni hatoi neno kabisa, na imezidi mwezi mmoja baada ya kuzoea shule, anahitaji mtaalamu. Si ukaidi, na kumlazimisha kunazidisha.

Nitajuaje kama mtoto haoni au hasikii vizuri?

Huna kazi ya kutaja ugonjwa, una kazi ya kugundua na kupeleka taarifa. Anayesogeza kitabu puani, anayefumba jicho moja, anayeinamisha kichwa upande mmoja, anayelalamika kichwa baada ya kusoma: mwone kama ni macho. Anayewatazama wenzake kwanza ndipo atekeleze agizo, anayejibu kitu tofauti na ulichouliza, anayesema kwa sauti kubwa mno: mwone kama ni masikio. Usikivu unaweza kupanda na kushuka, hasa baada ya mafua, maji yanapojikusanya nyuma ya kiwambo cha sikio. Ndiyo maana mtoto anakusikia wiki hii, wiki ijayo anaonekana mkaidi. Anayepaka majani rangi ya kahawia huenda hatofautishi rangi, jambo linalowapata wavulana zaidi ya wasichana, usimkatie alama.

Wakati taarifa inashughulikiwa, mhamishe mbele. Hilo halihitaji kibali cha mtu.

Amejikojolea darasani.

Mtoe kimya, nguo safi ziwepo kwenye mfuko wa akiba, nguo chafu zifungwe na kupewa mzazi bila tangazo. Usimpunguzie maji ya kunywa. Wakumbushe wote choo kabla ya kila kipindi kirefu. Mtoto aliyekuwa mkavu muda mrefu kisha akaanza ghafla, zungumza na mzazi: inaweza kuwa maradhi ya njia ya mkojo, hofu, au mabadiliko nyumbani.

Mtoto ananiambia siri kwamba kuna mtu anamuumiza.

Tulia. Msikilize, usioneshe mshtuko. Usimwahidi kwamba hutamwambia mtu, kwa kuwa ahadi hiyo huwezi kuitimiza. Mwambie kwamba amefanya vizuri kusema, si kosa lake, na kwamba utawaambia wanaoweza kumsaidia. Usimhoji, hasa kwa maswali yenye jibu ndani yake kama "ni fulani?". Kumhoji mara nyingi kunamuumiza na kunaweza kuharibu uchunguzi. Mara tu baadaye andika maneno yake kama alivyoyasema, tarehe na saa, kisha toa taarifa siku hiyohiyo kwa utaratibu wa shule na mamlaka ya ulinzi wa watoto. Usimwendee mtuhumiwa, na usisubiri ushahidi. Kuthibitisha si kazi yako.

Nitapimaje maendeleo bila mtihani, na nimwambie nini mzazi?

Daftari moja, ukurasa kwa kila mtoto, tarehe, sentensi mbili za ulichokiona: "Amekata mstari wa mviringo kwa mkasi bila msaada." Andika kitendo, usiandike hukumu, "mvivu" haisaidii. Watazame watano kwa siku, wiki haiishi bila kuwafikia wengi. Hifadhi mchoro mmoja kila mwezi.

Kwa mzazi anza na kitu cha kweli alichokiweza mtoto, kutoka kwenye daftari. Kisha jambo gumu, moja tu, mkiwa mmeketi na si langoni mbele ya watu. Muulize yeye anaonaje nyumbani; mara nyingi ana nusu ya jibu. Usimlinganishe na kaka yake.

Ikifika mchana sauti yangu imekauka. Nifanyeje?

Kunywa maji kidogokidogo tangu asubuhi, usikohoe kwa nguvu kusafisha koo, na acha kuita watoto kutoka mbali. Wapo wanaonong'ona wakiumwa koo wakidhani wanapumzika; kunong'ona nako kunaweza kuchosha koo, sema taratibu kwa sauti ya kawaida. Kengele, makofi na kadi za picha zifanye kazi ya kuita. Sauti ikikwaruza zaidi ya wiki tatu, muone daktari.